Pampu Mbili za Ajuza

Kuna hasira za kupita na kuna hasira za kulala nazo. Ya dereva huyu ilikuwa ya kulala nayo, na ilianzia kwenye doa. Doa la oili, chini ya lori, kila asubuhi, palepale upande wa mbele wa injini. Alifukia kwa mchanga, kesho yake liko. Alifuta kwa tambara, kesho yake limemsubiri. Madereva wenzake kijiweni wakapata la kusema: "Baba Pacha, hilo lori lako linakojoa kitandani!" Akawa anacheka nao, meno nje, huku moyoni anachemka.

Lori lenyewe waliliita Ajuza. Lilikuwa la dizeli, la zamani, rangi imeshachoka, lakini injini yake ilikuwa na roho ngumu. Shida ilikuwa pampu. Ajuza alikuwa na pampu mbili zilizofungwa pamoja pembeni mwa injini. Ya kwanza ni ya vakyumu, ile inayonyonya hewa ili breki ziwe laini mguuni. Ya pili, iliyobebwa mgongoni mwa ya kwanza, ni ya usukani, ile inayosukuma oili ili dereva akate kona bila kutoka jasho. Sasa, ya kwanza ndiyo inayoizungusha ya pili. Ikifa ya kwanza, zote mbili zimekufa, na wewe dereva umebaki na usukani wa jiwe na pedali inayokugomea mguuni.

Na zilikuwa zinavuja. Oili ya usukani ni nyekundu, na oili ya injini ya dizeli ni nyeusi tii. Iliyokuwa inadondoka ni nyeusi, maana yake kilichovuja ni vakyumu, inayolainishwa kwa oili ya injini. Mtoto wa chekechea angeona. Lakini fundi, fundi mwenye gereji yake, fundi mwenye jina mji mzima, alifungua pampu ya usukani, akabadilisha sili zake, zile pete za mpira zinazozuia oili, akafunga. Ikavuja. Akafungua pampu ileile tena, akabadilisha sili zilezile tena. Ikavuja vilevile.

"Shemeji, mbona hii oili ni nyeusi?" dereva alimuuliza.

"Nyekundu ikiungua inakuwa nyeusi," fundi akajibu, huku amepeleka kidole chenye oili puani, ananusa taratibu kama mtu anayechagua manukato.

Shemeji, ndiyo. Hapo ndipo mfupa ulipokwama kooni. Fundi huyo alikuwa kaka wa mkewe, wa tumbo moja, aliyemlea na kumsomesha baada ya wazazi wao kufariki. Ukimgusa fundi umemgusa Mama Pacha. Na Mama Pacha mwenyewe alikuwa na chumba chake cha kushonea nguo, ukuta mmoja na gereji, cherehani linalia huku na nyundo inalia kule, hivyo hata kumsema fundi kulitaka mtu ashushe sauti. Dereva akameza. Funika kombe mwanaharamu apite.

Mwishowe fundi akakubali, kwa shingo upande, kwamba huenda ni vakyumu. Aliifungua wakati Mama Pacha amesafiri kwenda kumuuguza shangazi yake. Akaifunga. Na kweli, doa likakoma! Asubuhi dereva aliinama chini ya Ajuza hakuona hata tone. Akaenda kumshika shemeji yake mkono kwa mikono miwili, akamwambia, "Shemeji, wewe ndiye fundi." Maneno hayo baadaye yalimchoma kuliko hata matusi aliyokuja kuyatoa.

Mama Pacha akarudi. Kesho yake Ajuza akapakia matofali mpaka juu, safari ya ng'ambo ya mlima. Mama Pacha akamfungashia mumewe chakula, akamwambia nenda salama. Njiani, mbele kidogo ya njiapanda, dereva akamkuta binti yake, yule mdogo wa mapacha, anachechemea na kiatu mkononi. Mkanda umekatika, kaka yake amemwacha amekwenda na wenzake shuleni. Baba gani angempita? Akampandisha.

Shule ilikuwa chini ya mteremko. Wakaanza kushuka, mtoto anaimba. Dereva akagusa breki, pedali ikawa ngumu. Akakanyaga, ikawa ngumu zaidi. Pale pale mbele ya injini kitu kikakwaruza, kikalia kwa ukali, halafu kikasema "ta!" na usukani ukaganda mikononi mwake. Breki na usukani, vyote viwili karibu kwa mpigo mmoja. Nyuma yake ana tani za matofali, mbele yake kona, pembeni mwanawe.

Akarudisha gia moja, injini ikapiga ukelele. Akasimama wima juu ya pedali.

"Baba, mbona unakanyaga kwa miguu miwili?" mtoto akauliza.

"Tunacheza, mama. Shika hapo kwa nguvu. Shika, usiachie!"

Alivuta usukani kwa mabega, kwa shingo, kwa meno. Hakukata kona, hakuna mwanadamu angeikata. Alichofanya ni kuligongesha lori kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima, likakwaruza, likaruka, likakwaruza tena, mpaka likasimama huku matofali yanamwagika barabarani. Mtoto alikuwa amejikojolea. Baba yake, sisemi.

Alimbeba mgongoni mpaka kwenye bomba la maji la shule, akamsafisha, akamwomba jambo ambalo hakuwahi kumwomba mtoto wake yeyote: asimwambie mama. Kwa nini? Kwa sababu alimjua mkewe. Mama Pacha angepasuka moyo. Mtu mzima anaweza kubeba jambo kama hilo peke yake, ndivyo alivyojiambia. Nyumbani akasema tu kwamba breki zilimsumbua akaegesha ukingoni. Lakini jambo lile halikutaka kubebwa. Kila akifumba macho aliisikia ile sauti ndogo inauliza habari za miguu miwili, na kila akiisikia alimwona shemeji yake amekaa kivulini ananusa kidole.

Ajuza alivutwa kwa mnyororo mpaka gereji. Dereva akaingia nyuma yake kwa miguu, na salamu hakutoa.

"Fungua," alisema.

"Shemeji, karibu kwanza, kaa..."

"Sikuja kukaa. Fungua hiyo pampu, na ufungue mbele ya macho yangu."

Jirani yao, mchomelea vyuma, aliyekuwa ameinua miwani yake ya giza ili asikose kitu, akasema, "Eh, leo kuna sinema." Dereva akamgeukia kwa jicho ambalo lilimfanya ashushe miwani na kuendelea na geti lake.

Fundi akafungua. Tuseme haki, mikono yake ilikuwa na akili. Ilipita kwenye bolti bila kutafuta, ikachomoa mipira ya kupitishia oili, ikakinga oili kwenye beseni, ikashusha zile pampu mbili zimekumbatiana. Dereva akazichukua, akazitenganisha. Kiungo cha katikati, kile kinachoipa pampu ya usukani mzunguko, kilikuwa kimekatika vipande viwili. Akajaribu kuizungusha ya vakyumu kwa mkono. Wapi! Imeshikana ndani, imeungua mpaka imegeuka bluu. Pampu inayokula oili ya injini imekufa kwa kukosa oili, na injini ina oili tele.

Akaigeuza aangalie uso wake, ule unaokaa kwenye injini. Pale panatakiwa gasketi, kipande cha karatasi ngumu kilichokatwa kwa umbo la pampu, chenye tundu dogo mahali oili inapopita. Hapakuwa na karatasi. Palikuwa na silikoni, ile gundi ya kuzibia. Silikoni nyeusi, imepakwa kwa ukarimu, nene, imefurika kila upande, na ilipobanwa na bolti ilikuwa imeingia ndani ya lile tundu ikaliziba kabisa. Dereva akachukua msumari, akachokoa. Kikatoka kiziba cha silikoni, laini, cha urefu wa ukucha. Hicho ndicho kilichokomesha doa.

Akakiweka kwenye kiganja cha fundi.

"Hiki nini?"

Fundi akakifinya kati ya vidole viwili. Hakukitazama. "Silikoni."

"Ilikuwa inafanya nini kwenye tundu la oili?"

"Karatasi ya gasketi ilikuwa imekwisha."

"Imekwisha?" Dereva akanyoosha mkono ukutani, akavuta bunda zima la karatasi ya gasketi lililokuwa limening'inia kwenye msumari, akalitupa chini miguuni pa fundi. "Hii nayo ni nini? Kitambaa cha harusi? Shemeji, unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa! Kitu kinavuja, wewe unaziba hata pasipovuja! Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua silikoni haipakwi mbele ya tundu. Umenifanya mimi mtu wa kufanyiwa majaribio?"

"Punguza sauti, wateja wanasikia."

"Wasikie! Nataka wasikie! Nimeshuka mlima na matofali, sina breki, sina usukani, na wewe unaogopa wateja?"

Cherehani upande wa pili likanyamaza. Mama Pacha akatokea mlangoni, tepu ya kupimia shingoni, mkasi mkononi. "Baba Pacha, jamani. Ndiyo unavyoongea na kaka?"

"Muulize kaka alivyoongea na breki zangu."

"Amekosea. Nani hakosei? Aliyekufanyia mema mara mia, akikosea mara moja ndiyo unamvua nguo hadharani?" Akaokota lile bunda la karatasi, akalikung'uta vumbi, akaiweka pampu juu yake na kuanza kuchora kwa chaki yake ya kushonea. "Nitakata mimi. Leteni pampu nyingine, mfunge, yaishe."

Dereva alimtazama mkewe anavyokata. Alikata vizuri, mkasi unazunguka kila pembe, na lile tundu dogo akalitoboa kwa ncha, katikati kabisa. Ilimuuma, tena sana. Ilimuuma kuona mkewe amewahi kuokota uchafu wa kaka yake kabla hata ya kumuuliza mumewe kama ameumia. Damu nzito kuliko maji, wanasema. Sawa, basi yeye ndiye maji.

Pampu nyingine ya vakyumu ilipatikana kwenye lori lililokufa la aina ileile, pamoja na kiungo chake. Dereva akaichukua mwenyewe, akaizungusha, akaisikia inanyonya kidole vizuri. Ilibaki kubadilisha sili na kufunga. Akavuta ndoo, akaigeuza, akaketi karibu kiasi kwamba goti lake liligusana na la fundi.

"Fanya. Sibanduki."

Fundi akafanya, na Mama Pacha naye hakubanduka. Alikuwa amesimama nyuma ya bega la kaka yake anampa vitu. "Spana ya kumi na tatu hii hapa, kaka. Siyo hiyo, hii." "Sili ndiyo hii, hii ndogo." Dereva akaona ni kumdekeza mtu mzima. Fundi akaichukua sili, akaizungusha vidoleni, akaipapasa ukingo, akaiweka kwenye nafasi yake, akanyanyua nyundo.

"Kaka," Mama Pacha akasema haraka, "ngoja..."

"We!" dereva akaruka. "Mdomo wa sili unaangalia wapi?"

Fundi akasita.

"Nakuuliza, mdomo unaangalia wapi? Umeigeuza! Hiyo ukiigonga hivyo, kesho oili yote iko barabarani! Lo! Huyu mtu ananitafuta roho! Shemeji, sema ukweli, nimekukosea nini? Nilipomuoa dada yako hukuridhika? Sema leo, tulimalize!"

"Mkono uliteleza."

"Mkono uliteleza ukaigeuza sili?"

"Nimesema mkono uliteleza!" Sasa fundi naye alikuwa amepanda, mishipa ya shingo imemtoka. "Nilikuwa nafunga injini wewe hujui hata kupanda baiskeli! Kama huniamini, mnyororo ule pale, livute lori lako, kalipeleke kwa fundi wako unayemwamini!"

"Nilikuwa naye! Nilikuwa namwamini fundi mmoja tu mji huu, na ndiye aliyeniziba tundu!"

Mama Pacha akaichukua sili mkononi mwa kaka yake, akaigeuza, akairudisha. Ikagongwa, ikakaa. Karatasi ikawekwa, bolti zikabanwa, pampu zikarudi mahali pake zimekumbatiana, oili nyekundu ikamiminwa kwenye usukani. Wakawasha. Dereva akalala chini ya Ajuza na tambara jeupe, akafuta kila kiungo, akangoja, akafuta tena. Pakavu. Akapanda, akakanyaga breki, ikashuka laini. Akazungusha usukani kwa kidole kimoja. Kazi ilikuwa nzuri, na alichukia kwamba ilikuwa nzuri.

Akashuka, akaacha injini inanguruma.

"Panda," alimwambia fundi.

"Kwenda wapi?"

Gereji ile ilikuwa na sheria yake, na aliyeitunga ni fundi mwenyewe enzi za ujana wake: aliyegusa breki ndiye anayelitoa gari na kulijaribu, kwa mguu wake, mwenye gari ameketi pembeni. Ndiyo iliyompa jina. Watu walisema, huyo hakupi gari ambalo yeye mwenyewe analiogopa. Ila miaka ya karibuni alikuwa na visingizio: leo kiuno, kesho mgeni, keshokutwa tumbo. Dereva alikuwa amevipokea vyote. Sasa alidhani amepata maana yake: mtu huyu anajua kazi yake ni mbovu, anaogopa kufa nayo.

"Sheria yako," alisema. "Toka getini, pandisha mpaka juu, ushuke nalo ule mteremko. Mimi nitakaa pembeni."

"Kiuno kinanisumbua."

"Kiuno hakikanyagi breki."

"Baba Pacha," mkewe akaingilia, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa nyembamba. "Mwache. Jaribu wewe. Wewe ndiye dereva, kaka amechoka, jua kali, barabara ina watu..."

"Mama Pacha, kaa pembeni. Siku ile mimi nilikuwa sina kiuno? Nilikuwa sina roho? Ama roho ni ya kaka yako peke yake?" Akamgeukia fundi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mchomelea vyuma: "Kama unaogopa, sema unaogopa. Sema, 'Mimi ni mwoga, nafunga breki za kuwaulia wenzangu.' Sema hivyo, nitaondoka na lori langu na hutaniona tena."

Huwezi kumwambia mwanamume hivyo gerejini kwake mbele ya watu wake. Fundi akafuta mikono. Akaliendea lori, akashika mlango, akapanda. Dereva akazunguka, akapanda upande wa pili, akakaa palepale alipokuwa amekaa mwanawe.

Ajuza akatoka taratibu chini ya bati, kutoka kwenye giza la gereji kwenda kwenye mwanga. Jua lilikuwa limewaelekea, linawapiga usoni. Dereva akakinga macho kwa kiganja na akamwona mkewe. Alikuwa amepita kwa mlango wa chumba chake mbio, amewatangulia getini, amesimama katikati ya njia na mikono ameitandaza. Anatikisa kichwa. Anasema kitu, injini inakimeza.

Huyu naye, dereva akawaza, amekuja kumfia kaka yake. Akangoja fundi apunguze mwendo.

Fundi hakupunguza. Alibadilisha gia, akaongeza moto, uso mkavu, anaangalia mbele moja kwa moja. Mama Pacha akapanda juu zaidi kwa vidole vya miguu, anapunga mikono yote miwili, na Ajuza anamfuata.

"Simama!" dereva akapiga kelele. "Simama! Breki! Breki!"

Mguu wa fundi ukashuka hapo hapo. Ajuza akainama mbele, akatulia. Breki zilishika barabara. Mama Pacha alikuwa ameweka viganja vyote viwili kwenye pua ya lori, amefumba macho.

"Nini?" fundi akauliza. Alikuwa ameshikilia usukani, anatazama kupitia kioo mahali palepale alipokuwa amesimama dada yake. "Mbona umenipigia kelele? Mbele kuna nini?"

Dereva alimgeukia akamtazama, akamtazama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu ugomvi huu uanze. Kwenye jua lile mboni zilionyesha kila kitu. Zilikuwa na utando wa kijivu, zote mbili. Mtoto wa jicho, tena aliyekwishakomaa.

"Shemeji, si nakuuliza? Kuna mtu?"

Dereva akazima injini, akachomoa ufunguo, akashuka. Ungedhani hasira ingemwisha hapo, ingegeuka huruma. Thubutu! Sasa ndiyo ilipata pa kukaa. Kunusa oili, kwa sababu nyeusi na nyekundu kwake zilikuwa rangi moja. Silikoni, kwa sababu mkasi haukumwonyesha pa kukata. Na mtu anayejua kwamba haoni alikuwa amekubali kumfungia breki, akapokea mkono wa shukrani, akatabasamu.

Akafika mbele ya lori. Alikuwa amejiandaa kumwambia mkewe habari, kwamba kaka yako haoni, unajua kaka yako haoni? Akafungua mdomo, akaona uso wa mkewe, akaufunga. Uso ule haukuwa wa mtu anayengoja habari.

"Ulijua," alisema.

Mama Pacha akafungua macho.

"Tangu lini?"

"Yalififia polepole. Aliniapisha. Baba Pacha, fundi asiyeona nani atampa gari? Ningemuua kwa mdomo wangu? Mimi ndiye niliyekuwa namkatia gasketi. Namtajia rangi, namchagulia sili. Hakuna gari lililotoka humu kabla sijalipitia."

"Langu lilitoka."

"Nilikuwa kwa shangazi."

"Ulirudi! Ulirudi, ukanikuta najisifia kwamba doa limekwisha. Ulijua nani kaifunga ile pampu, na ulijua kaifunga peke yake. Ukaamka asubuhi, ukanifungashia chakula, ukaniambia nenda salama!"

"Nilimuuliza!" Sasa alikuwa analia. "Akaniapia kwamba amepapasa kila tundu, imekaa sawa. Nikasema ukirudi tu, nitaifungua mwenyewe niitazame. Nikasema ni safari moja. Safari moja tu, Baba Pacha, nikaomba Mungu..."

"Safari hiyo moja nilikuwa na mwanao."

Alikuwa ameapa kutolisema. Lilitoka lenyewe, tena bila kelele, na baada ya makelele yale yote mchomelea vyuma alilazimika kuzima mashine yake ili asikie.

"Mwanangu yupi?"

"Mdogo. Kiatu kilimkatikia njiani nikampakia. Alikuwa amekaa pale." Akanyoosha kidole kwenye kiti alichotoka kushuka. "Aliniuliza mbona nakanyaga kwa miguu miwili. Nikamdanganya tunacheza. Alijikojolea, nikamwosha bombani, nikamwambia asikwambie. Nilikuhurumia wewe, unasikia? Mimi nilikuhurumia wewe!"

Viganja vya Mama Pacha vikateleza kutoka kwenye bati la Ajuza. Kilio kilikuwa kimekatika. Alirudi hatua moja nyuma, halafu nyingine, mpaka mgongo ukagusa nguzo ya geti. Dereva alitaka mkewe aseme jambo lolote, ajitetee, amtukane hata, apate pa kuendelea kuchemkia. Yeye akawa anakitazama kile kiti tu.

Juu, mlango wa lori ukafunguka. Fundi alikuwa amesikia yote, kioo kilikuwa chini. Akateremsha mguu mmoja, ukatafuta ngazi hewani, ukakosa, ukaipata. Akafika chini. Akaweka kiganja ubavuni mwa lori akaja nacho taratibu, anapapasa mlango, anapapasa tairi, anapapasa bampa, mpaka bati likaisha na mkono ukabaki hewani.

"Mdogo wangu," akaita. "Mdogo wangu, ni kweli mtoto alikuwa ndani?"

Akangoja. Akageuza uso kushoto, akaugeuza kulia, jua linampiga kwenye zile mboni zenye utando.

"Mama Pacha? Uko wapi? Njoo unishike mkono."

Mama Pacha alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, anamtazama. Hakumjibu.